Madini Joto na Ghala la Shingoni

Maneno "chumvi yenye madini joto", yanayosomwa kwenye pakiti za chumvi Lusewa kama kwingineko nchini Tanzania, huzua swali la haki: je, chumvi hiyo hutia mwili joto? Madini yenyewe ni iodini, na kwa kipimo cha kemia jina hilo linapotosha. Lakini kwa kipimo cha fiziolojia, yaani elimu ya utendaji wa mwili, ni jina zuri mno, kwa kuwa iodini ndiyo kiungo cha homoni zinazoamua kasi ya seli kuunguza chakula, na aliyepungukiwa nazo huona baridi pale wenzake wanapotoka jasho. Lisibadilishwe.

Homoni hizo hutengenezwa na dundumio, tezi iliyo mbele ya koo, ambayo ni kama ghala lenye mlango mmoja. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu za iodini kwa siku, lakini ghala huikusanya hadi ikawa nyingi mara 20 hadi 40 kuliko iliyomo katika damu. Mlango ni protini ambayo jeni yake ilitambuliwa mwaka 1996: chembe mbili za sodiamu, ambazo daima husukumana kuingia katika seli, huishika iodini mkono na kuingia nayo, na sodiamu hiyo hupatikana katika chumvi ileile. Ghala likipungukiwa, tezi ya ubongoni hupiga mbiu kwa homoni yake, na dundumio hutii kwa kujipanua, ghala likikua huku shamba halina mavuno. Upanuzi huo ndio rovu.

Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri huzidisha shida, kwani mwili hugeuza sianidi yake kuwa thiosianeti, inayofanana na iodini kiasi cha kuziba mlango. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti wa miaka ya 1960 walikuta iodini ni adimu kaskazini na kusini-magharibi vilevile, ilhali rovu lilitapakaa kaskazini; tofauti ilikuja kuonekana katika muhogo.

Nyanda za juu, ambako mvua huosha iodini ya udongo, ziliathirika sana nchini Tanzania, na katika miaka ya 1980 vidonge vya mafuta yenye iodini viligawiwa kabla ya kanuni za kutia chumvi iodini za miaka ya 1990. Iodini kupita kiasi nayo hudhuru, lakini mahitaji si sawa kwa wote. Anayeihitaji zaidi ni mjamzito, mikrogramu 250 kwa siku, kwa sababu katika wiki 10 za mwanzo mtoto tumboni hana ghala linalofanya kazi, na ubongo wake hujengwa kwa akiba ya mama.