Michezo ya kupigana: wakati gani kujibu, wakati gani kujikinga?

Katika sale za michezo za muji wa Bunia, ukitoka Mudzipela mpaka Nyakasanza, kuko sheria moja ambayo haiandikwe kwenye ukuta: mwenyi kushinda anabaki na manete, mwenyi kushindwa anasimama na kurudi kwenye benchi. Akipenda kucheza tena, analipa tena. Kwa mutoto aliyekuja na franga kidogo, kushindwa mara mbili ni kumaliza siku. Anarudi nyumbani akisema manete yake ilikuwa mubaya.

Mara zingine ni kweli, manete ilikuwa mubaya. Lakini mara mingi shida iko fasi ingine. Mutoto alikuwa anafinya butoni wakati haikuwa zamu yake.

Kuko wachezaji wa aina mbili wanaopoteza makuta yao mbio. Wa kwanza anajibu kila kitu: mupinzani akirusha teke, naye anarusha, akipigwa, anafinya zaidi, kwa nguvu, mpaka butoni zinalia. Wa pili ni kinyume chake. Akiona mupinzani anakuja, anajikinga, anangoja, anajikinga tena, na raundi inaisha hajarusha hata ngumi moja. Wote wawili hawajui jambo lile lile, ni kusema, nyuma ya kila pigo, zamu ni ya nani.

Tekken ni mufano muzuri, ule muchezo ambao kampuni Namco ya Japani ilianzisha mu mwaka 1994. Kile ambacho macho yanaona kama mutu anatembea na kupiga ni picha zinazofuatana, 60 katika kila segonde. Kila pigo linahesabiwa kwa picha hizo. Ngumi ndogo ya haraka, ile ambayo karibu wapiganaji wote wa Tekken wako nayo, inatumia picha 10 ili kumufikia mwenzake. Ni sehemu moja ya sita ya segonde. Teke la kuruka, lile linalomurusha mutu hewani, mara mingi linatumia picha 15.

Sasa, pigo likizuiwa, mambo hayaishie pale. Aliyepiga anapaswa kurudisha mukono ao muguu wake, na aliyezuia naye anabaki amefungwa kidogo mbele ya kuweza kufanya kitu. Swali ni: nani anakuwa huru wa kwanza?

Lile teke la kuruka, kwa wapiganaji wengi, likizuiwa linamuacha mwenyi kulirusha akichelewa picha 13 hivi. Ngumi ndogo inahitaji 10. Kwa hiyo, ukizuia teke lile na kupiga palepale, ngumi inaingia. Mupinzani hawezi hata kujikinga, kwa sababu mwili wake haujarudi bado. Hiyo si bahati, ni hesabu. Na hapa ndipo watoto wanaacha mali mingi sana kwenye meza: wamezuia vizuri, lakini juu ya woga wanaendelea kujikinga, na mupinzani anaanza upya kana kwamba hakukosea kitu.

Kuko pia kuchelewa kudogo, picha mbili, tano, saba. Hapo mupinzani anaweza kujikinga kama anapenda, lakini akijaribu kupiga tena na ngumi ndogo, ya kwako itafika mbele ya yake. Hiyo ni zamu yako. Haukushinda kitu bado, umepata tu haki ya kuanza.

Halafu kuko hali ya tatu, ile inayoleta mabishano. Ngumi ndogo ya haraka, hata ikizuiwa, kwa kawaida inamuacha mwenyi kuipiga akiwa mbele picha moja. Wote wawili wakifinya ngumi ile ile palepale, ya kwake inafika kwanza. Picha moja, yaani segonde moja ikigawanywa mara 60. Mutoto ataapa kwa mama yake kwamba alifinya wakati moja na mwenzake, na pengine anasema kweli. Alifinya sawa, lakini alianza nyuma. Hapo kufinya kwa nguvu hakusaidie kitu.

Wazee wa Kongo walijua jambo hili mbele PlayStation haijazaliwa. Tarehe 30 Oktoba 1974, katika kiwanja cha 20 Mai mu Kinshasa, kile kinachoitwa leo Tata Raphaël, Muhammad Ali alipigana na George Foreman. Ilikuwa karibu saa kumi za usiku, kusudi watu wa Marekani waweze kuangalia kwa saa yao. Foreman alikuwa na miaka 25. Alikuwa amepigana mara 40 na kushinda zote, 37 kwa kuangusha mutu ao kumushinda mbele ya wakati. Ali alikuwa na miaka 32, na wengi walimuogopea. Yeye akaegemea kwenye kamba, akafunika uso na mbavu, akamuacha Foreman apige.

Wanaosimulia habari ile mara mingi wanasahau nusu yake. Ali hakukaa kwenye kamba kama gunia. Kila mara Foreman alipomaliza kurusha ngumi zake kubwa, wakati mikono ilikuwa inarudi, Ali alimupiga haraka usoni, halafu akajifunika tena. Alichagua saa yake. Katika raundi ya 8, Foreman akiwa amechoka, Ali alitoka kwenye kamba na kumuangusha.

Lakini mwenyi kukamata manete asichukue ile siku ya Kinshasa nzima nzima. Vidole havichoke kama mikono ya Foreman. Katika Tekken, anayengoja tu atakufa, maana hakuna kujikinga kunakozuia vyote. Ukisimama, unapigwa chini kwenye miguu. Ukiinama, unapigwa katikati ya tumbo. Ukibaki umejifunika, unakamatwa na kutupwa. Muchezo wenyewe umepangwa kusudi mutu alazimike kujibu wakati fulani.

Basi mitego inaanza hapo. Waliocheza Tekken 3, iliyofika kwenye PlayStation mu 1998, wanamukumbuka Eddy Gordo, yule Mubrazili wa kapoeira. Mutu asiyejua kitu aliweza kumuchukua, kufinya ovyo, na mateke yakaja kama mvua ya mwezi wa kumi. Walioshindwa naye walidhani mvua ile haina fasi ya kupita. Lakini mateke yanayofuatana mara mingi yana nafasi kati yake, ao yana moja linalopita juu ya kichwa cha mutu aliyeinama. Ukijua moja tu, unainama pale, unapiga, na mvua inaisha.

Mupinzani mwenyi akili anaona. Akiona unajibu kila mara kwenye nafasi ile, siku ingine atasimama nusu kidogo, atakuacha ufinye, halafu ataendelea, na pigo lake litakukuta mukono wako uko inje. Kwa hiyo anayejibu vizuri hajibu kila mara. Anajibu mara mbili, anangoja ya tatu. Na kujibu si kupiga tu. Hatua moja kando, ao kurudi nyuma kidogo na kuacha teke lipite mu hewa, navyo ni majibu.

Kuko tena swali la bei, na hapa hata wakubwa wanakosea. Ngumi ndogo inayokata shambulio inaleta faida ndogo. Lakini ukikosea, ukarushwa hewani, sehemu kubwa ya maisha yako inaenda. Ukiwa na maisha kidogo, kidole kinapenda kufinya juu ya woga, na ni wakati ule ndio mupinzani anakutegea.

Namna gani kujifunza hayo mu Bunia? Tekken 8, iliyotoka mu Januari 2024, inaonyesha hesabu ya picha katika sehemu ya mazoezi. Lakini katika sale, hakuna anayependa kulipa ili apige mutu asiyerudisha, na wengine wakiwa wanangoja nyuma yake. Inabaki benchi. Anayengoja zamu yake anaweza kuchagua pigo moja tu la yule anayeshinda, na kulifuata: likizuiwa, nini kinafuata? Anafinya tena, ao anatulia? Televizyo nayo iangaliwe. Zile za kisasa nyingi zinachelewesha picha kidogo. Ikiwa na mupango wa michezo, mwenyi sale aufungue.

Kujifunza hivyo hakuhitaji muji mukubwa wa Ulaya. Arslan Ash, kijana wa Lahore mu Pakistani, alishinda mashindano ya EVO ya Japani mu Februari 2019, halafu yale ya Las Vegas mu Agosti ya mwaka ule ule, mbele ya Wakorea na Wajapani waliodhani wanajuana wote. Kisha Mukorea Knee, mumoja wa wachezaji wenye jina kubwa zaidi, alisafiri mpaka Pakistani kwenda kucheza na vijana wa kule.

Katika Tekken 7 na 8, mupambano wa kawaida ni wa kushinda raundi tatu. Maana yake muchezaji anaweza kupoteza mbili na kubaki hai. Ya kwanza anaweza kuitumia kujikinga na kuangalia tu, ya pili kujaribu kujibu pale alipoona nafasi. Hata akizipoteza zote mbili, franga zake bado hazijapotea.