Kabla ya Kulipia Ukumbi, Uliza Sufuria Itakaa Wapi

Kamati nyingi za harusi Dar es Salaam huanza na ukumbi. Mwenyekiti akishapatikana na mweka hazina akishafungua daftari la ahadi, wajumbe wawili watatu hutumwa kuzunguka kumbi. Wanarudi na bei, kikao kinakubaliana, advansi inalipwa. Chakula huingia kwenye ajenda vikao kadhaa baadaye, na hapo ndipo shangazi wa bwana harusi anapouliza ndafu itachomwa wapi. Ikipigwa simu ukumbini, jibu ni kwamba chakula cha nje hakiruhusiwi. Ikiulizwa advansi, jibu ni kwamba hairudishwi.

Kwa sisi tunaopikia shughuli, hilo ni jambo la kila msimu, na linazuilika. Familia ambayo chakula cha kwao ni sehemu ya ndoa yenyewe inatakiwa ianze na chakula, ifuate mpishi, kisha ndipo itafute ukumbi. Nasema sehemu ya ndoa kwa sababu ndivyo ilivyo. Ndafu kwa Wachaga haiji ukumbini ili watu washibe. Mbuzi mzima aliyechomwa analetwa mbele ya wageni akiwa amesimamishwa kwenye sinia, majani mdomoni, maharusi wanakata na kulishana, kisha wanawalisha wazazi wa pande zote mbili. Ikikosekana, kuna wazee watakaorudi Moshi wakisema shughuli haikuisha. Pwani, mwaliko wa walima hauna maana bila pilau au biriani lililopikwa na mtu anayejulikana kwa mkono wake. Familia ya Kagera inataka ndizi za kwao, na harusi ikiangukia Novemba au Desemba, watu wanatarajia kuona senene mezani. Mambo haya hayabadilishwi kwa kuambiwa kwamba jiko la hoteli nalo linajua kupika pilau.

Tuwatendee haki wenye kumbi. Hoteli hulipwa kwa kichwa, na sehemu kubwa ya fedha inayobaki mkononi mwake inatokana na chakula na vinywaji kuliko kodi ya chumba chenyewe. Mkileta mpishi wenu, inabaki kuwasha taa na viyoyozi tu. Tena mgeni akiumwa tumbo kesho yake, hatataja jina la mpishi wa kutoka Magomeni. Atataja jina la hoteli. Kwa hiyo katazo lao lina sababu mbili, fedha na jina, na kila moja ina dawa yake. Fedha hufidiwa kwa ada. Jina hulindwa kwa mpishi mwenye leseni ya biashara, mwenye vyeti vya afya vya wahudumu wake ambavyo muda wake haujapita, na anayenunua nyama iliyopigwa muhuri wa mkaguzi. Kamati inayokwenda kuomba ruhusa ikiwa na nakala za karatasi hizo mkononi husikilizwa tofauti na inayokwenda na maneno matupu.

Hoteli kubwa ndizo ngumu zaidi. Kumbi binafsi zilizojengwa kwa ajili ya sherehe ziko katikati: nyingine zina jiko lao na hazitaki mwingine, nyingine zina orodha ya wapishi waliokubaliwa, na nyingine zinakodisha kuta, viti na choo tu, mengine mjitegemee. Hizi za mwisho ndizo rafiki wa chakula cha asili, pamoja na kumbi za parokia, za vyuo, za taasisi, na bustani za kukodi. Ila kila moja ina mwiko wake. Ukumbi wa parokia unaweza kukuruhusu upike mtori na machalari uwanjani na ukakukataza pombe kabisa. Mbege ni pombe, hata kama kwa wazee wa Kilimanjaro ni kinywaji cha heshima kinachozunguka ukooni, kwa hiyo iulizwe peke yake, kwa jina lake. Ukumbi wa taasisi ya Kiislamu hautaruhusu pombe, na utataka uthibitisho kwamba nyama yote ni halali. Pale koo mbili zenye dini tofauti zinapooana, suala hili liamuliwe kabla ya kadi kuchapwa, kwa sababu sufuria na miiko inayotumika pia ni sehemu ya uhalali wa chakula.

Hapa ndipo penye kosa ninaloliona zaidi. Kamati inauliza, "Mnaruhusu chakula cha nje?" Ukumbi unajibu ndiyo. Wote wanarudi nyumbani na furaha, na siku ya siku inagundulika kwamba ukumbi ulimaanisha mnaweza kuleta chakula kilichokwisha kupikwa, wala si kuwasha moto ndani ya uzio. Kati ya kuleta na kupika kuna tofauti kubwa sana, na inahusu afya za watu.

Angalia saa. Kadi inasema saa 12 jioni. Wageni wanaanza kujaa saa 2 usiku, maharusi wanaingia baada ya hapo, kuna kufungua shampeni, keki, utambulisho wa koo zote mbili, zawadi. Chakula kinafunguliwa saa 4 usiku kama mshereheshaji ana huruma. Ikiwa jiko la ukumbi limefungwa kwenu, mpishi amepikia nyumbani kwake Mbagala, amemaliza saa 10 jioni ili awahi foleni, amepakia kwenye gari. Wali huo unaliwa saa 6 baada ya kutoka motoni.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, na kinachosubiri kuliwa kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi. Chini ya hapo, hadi nyuzi 5, bakteria huzaana kwa raha, na usiku wa Dar es Salaam uko katikati ya eneo hilo. Wali una hatari yake ya pekee. Bakteria aitwaye Bacillus cereus hujifunika kwa ganda linalovumilia mchemko. Wali ukipoa taratibu ndani ya sufuria kubwa, huamka, huzaana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Nyama na mchuzi mzito vina mwenzake, Clostridium perfringens, anayependa hasa masufuria makubwa ya shughuli kwa kuwa katikati yake hubaki vuguvugu kwa muda mrefu. Watu wakiharisha baada ya harusi, lawama huenda kwa kachumbari au kwa jicho baya. Mara nyingi kilichowadhuru ni saa zile chakula kilipokaa vuguvugu.

Ndiyo maana uwanja wa nyuma wa ukumbi una thamani kuliko mapazia ya jukwaani. Tuchukue wageni 400. Kwa gramu 120 za mchele kwa mtu, unahitaji kilo 48, na kwa gramu 150 za nyama, kilo 60. Hayo ni masufuria makubwa matatu ya pilau, mbali na mboga, kuku na ndizi. Kila sufuria inataka jiko lake, nafasi ya watu wawili kuizunguka na mwiko mrefu bila kugongana, na paa juu, maana mvua za Dar es Salaam haziangalii kadi. Inatakiwa bomba la maji linalotoka kwa nguvu hata usiku, au tangi. Inatakiwa njia ya mtaro kwa maji machafu. Pilau la kuni au mkaa, likikaribia kuiva, hupaliwa makaa juu ya mfuniko ili likauke sawasawa juu na chini. Mpishi anayelazimika kutumia gesi hushusha moto hadi wa chini kabisa na kuziba mfuniko kwa kitambaa kizito. Matokeo ni mazuri, ila yanataka mtungi wa kilo 38 na mwingine wa akiba, sehemu yenye hewa, mbali na mapazia na umati. Serikali yenyewe inasukuma upande huo: mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Kwa hiyo usishangae ukumbi ukikataa kuni na kukubali gesi. Muulize mpishi wako kama anaimudu kabla hujaahidi.

Ndafu ina hesabu nyingine. Mbuzi mzima huchomwa polepole, saa 4 hadi 6 kwa kadiri ya ukubwa wake, akigeuzwa na kupakwa, mafuta yakidondokea makaa na moshi ukipanda. Kumbi chache zitavumilia hilo karibu na wageni waliovaa vitenge vipya. Hapa kuchomea kwingine kunakubalika, mradi mchomaji ajipange kumtoa motoni karibu na muda wa kukatwa wala si mchana, na mbuzi apitie machinjioni kama Vingunguti, akaguliwe, badala ya kuchinjwa uani kwa mtu. Nyama iive hadi ndani ya paja. Kipimajoto cha chakula kikisoma nyuzi 70 au zaidi pale kwenye mnofu mnene karibu na mfupa, salama. Kifaa hicho ni kidogo na bei yake haifanani hata na ya maua ya meza moja. Kila mpishi wa shughuli anapaswa kuwa nacho, na kila kamati ina haki ya kuomba kukiona.

Mahali ambapo hoteli imeshikilia msimamo, na familia imeipenda hoteli hiyo, kuna njia ya kati ambayo huwa napendekeza bila wasiwasi. Hoteli ipike chakula kikuu kwa wote, ninyi mlete kile tu ambacho haiwezi kukitengeneza: ndafu moja, mtori kwa meza za wazazi, senene, halwa. Hoteli haipotezi mapato, na shangazi anapata alichokidai. Ombeni kwa barua, mkitaja kila kitu kwa jina na kiasi chake. Njia nyingine ni kumwomba mpishi mkuu wa hoteli akae na mama au shangazi mmoja wiki mbili kabla, apike mbele yake, aonje, arekebishe. Wapishi wengi wa hoteli ni vijana wa koo hizo hizo na hupokea somo hilo kwa heshima. Kwa watu wa Pwani ipo ya tatu, ya zamani, na bado ni nzuri: walima mchana nyumbani au msikitini, chini ya turubai, na usiku ukumbini vitafunwa tu.

Ada ya chakula cha nje ndiyo inayovuruga bajeti kimyakimya. Kumbi nyingine hutoza kiasi kimoja, nyingine kwa kichwa. Tuseme ukumbi unadai shilingi 5,000 kwa kichwa kwa wageni 400: hiyo ni shilingi milioni 2 kabla hujanunua kitunguu. Ukumbi "wa bei rahisi" wenye ada hiyo unaweza kuwa ghali kuliko wa jirani yake. Ulizeni pia kama bei iliyotajwa ina kodi ya ongezeko la thamani ndani yake, kwa sababu Tanzania Bara kiwango cha kawaida ni asilimia 18, na kwenye bili ya mamilioni si fedha ya kuongezwa mlangoni.

Yote haya yaandikwe. Neno la meneja kwenye simu halina nguvu siku akihamishwa tawi. Mkataba useme wazi kama mnapika au mnaleta, geti linafunguliwa saa ngapi kwa mpishi, moto wa aina gani, maji na umeme ni vya nani, nani anaosha na kuondoa taka, ada ni kiasi gani na hakuna nyingine. Useme na habari ya mabaki, kwa maana hoteli nyingi hazikubali chakula kitoke, ilhali kwenu kuna bibi aliyebaki nyumbani na majirani waliotwanga viungo, wanaosubiri sahani yao. Na kipengele cha advansi kieleze inarudishwa lini na kwa kiasi gani.

Wasomaji walio ughaibuni wana urahisi fulani. Uingereza kuna kumbi nyingi zinazokodishwa bila chakula, na familia za Kihindi, Kipakistani na Kisomali zimezizoea kwa sababu hiyo hiyo ya chakula cha kwao. Tafuteni huko kwanza. Mtaulizwa daraja la usafi la mpishi, ambalo Uingereza, Wales na Ireland Kaskazini hutolewa kwa alama 0 hadi 5. Marekani, ukumbi mara nyingi utataka cheti cha bima ya mpishi. Mama mdogo anayepika vizuri jikoni kwake hana karatasi hizo, kwa hiyo mtafutieni mpishi mwenye kibali, naye mama mdogo asimamie viungo.

Kamati zinazoanza vikao sasa kwa ajili ya harusi za Desemba, mleteni mpishi kwenye kikao cha kwanza. Nendeni naye ukumbini kabla ya kulipa hata shilingi moja, mwacheni afungue bomba, apime uwanja, aulize maswali yake kwa meneja. Akisema hapa hapafai, mwaminini na mtafute kwingine mapema, kumbi zingali zipo.