Kuchora wanajeshi? Usivae sare kupiga picha
Unachora komiki ya vita na unataka picha za kuiga? Poa, lakini sahau nguo za jeshi. Sheria ya Kenya hairuhusu raia kuvaa sare za KDF, na usitegemee "ni sanaa tu" ikuokoe polisi wakitokea.

Mvishe rafiki yako ovaroli kuukuu na buti. Badala ya bunduki, mpe mpini wa ufagio. Mbebeshe begi lililojaa vitabu: uzito ndio unaopinda mgongo. Pigeni picha saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, jua likiwa chini, ili vivuli vionyeshe mikunjo ya nguo. Apige goti, alale, akimbie. Kaeni mbali na kambi za jeshi.

Mabaka ya sare na bunduki utavichora mwenyewe nyumbani.