Gede hadi Mida kwa Baiskeli: Msitu, Maji na Mji Uliohamwa

Baina ya Kilifi na Malindi, katika pwani ya Kenya, upo msitu ambao wasafiri wengi huupita bila kuuona. Gari likishika barabara kuu itokayo Mombasa, ukuta wa miti hujitokeza upande wa magharibi, hufuatana na abiria kwa muda, kisha hukatika, naye huendelea na usingizi wake. Huo ndio Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita 420 za mraba. Ni kipande kikubwa kuliko vyote vilivyosalia katika Afrika Mashariki vya ule msitu mkavu wa pwani uliowahi kuenea kutoka kusini mwa Somalia hadi Msumbiji. Kwa kasi ya matatu hauonekani, na kwa miguu ni watoto wachache watakaofika mbali ndani yake. Baiskeli ndiyo iliyo kadiri yake.

Ng'ambo zimeundwa baiskeli mahsusi kwa njia za changarawe: usukani umepinda kama wa zile za mashindano ya lami, lakini tairi zina upana wa milimita 40 na zaidi. Hapa Kenya, tangu mwaka 2021, wapo wanaoshindana nazo huko Mara katika mbio ziitwazo Migration Gravel Race. Bei ya vyombo hivyo si ya kila nyumba, wala familia haina haja navyo kwa safari hii. Baiskeli ya kawaida, ile ile inayobeba madumu ya maji katika vijiji vya Wagiriama, inatosha, mradi tairi ziwe pana, breki ziwe nzima, na upepo upunguzwe kidogo kabla ya kuingia mchangani.

Suala la mavazi lisiwaache mabinti nyumbani. Suruali pana yenye kubana kifundoni, na juu yake vazi la heshima lifikalo magotini, humwezesha msichana kukanyaga kwa raha. Buibui refu hunaswa na mnyororo na spoki, na hilo ni jambo la hatari zaidi kuliko watu wadhanivyo. Baiskeli kuukuu zenye kifuniko cha mnyororo zina hekima ambayo mitindo mipya imeisahau.

Safari huanzia kituo cha msitu cha Gede, kando ya barabara kuu. Haifai kuingia kiholela, kwani ndani mna ndovu. Msitu huu husimamiwa kwa pamoja na idara ya misitu na ile ya wanyamapori. Ofisini hapo ndipo mtu hulipa, huuliza njia ipi iko wazi siku hiyo, na huchukua mwongozaji. Tunasisitiza mwongozaji. Yeye husoma kinyesi na nyayo mchangani kama sisi tusomavyo gazeti, na akisema turudi, hurudiwa bila mjadala.

Aingiaye kutoka mashariki kuelekea magharibi huvuka misitu mitatu chini ya jina moja, na magurudumu huitambua tofauti hiyo kabla ya macho. Kwanza ni msitu wa mchanganyiko, mnene, wenye mibambakofi na vivuli vizito. Kisha miti hupeana nafasi, mwanga hushuka hadi chini, na mchanga huwa mweupe na laini: hapo ni himaya ya mrihi. Mchanga huo mkavu humeza gurudumu. Anayeng'ang'ania usukani huanguka, na anayeulegeza huku akikanyaga polepole bila kusimama hupita. Watoto hulijifunza hilo upesi kuliko wazazi wao. Mwisho udongo hubadilika ukawa mwekundu na mgumu, na miti ikawa mifupi iliyosongamana, hasa mfunda. Wakati wa ukame udongo huo ni barabara nzuri, na baada ya mvua ni utelezi mtupu. Kwa hiyo miezi ya masika haifai. Januari hadi Machi, au Julai hadi Septemba, ni afadhali. Upande huo wa magharibi, penye mwinuko wa Nyari, mtu husimama akautazama msitu wote chini yake, na kwa mbali maji ya Mida yaking'aa.

Atembeaye kimya, mapema baada ya Alfajiri, huenda akamwona sange: mnyama mdogo mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu, aliye adimu kabisa nje ya msitu huu. Masikio husaidia kuliko macho, kwani hutangulia kusikika akichakura majani makavu. Bundi mdogo wa Sokoke, ambaye makao yake mengine yajulikanayo ni machache, hulala mchana kwenye vichaka vya mfunda, na bila mwongozaji hakuna mgeni atakayemgundua.

Katika njia hizo hizo mtu huweza kukutana na baiskeli nyingine, iliyofungwa kuni au gunia la mkaa hadi mwendeshaji haonekani. Tusimtazame kwa jicho la hukumu. Majirani wa msitu huu wana mashamba yasiyotosha, na kwa miaka mingi waliuona kama ardhi waliyonyimwa, huku muhuhu wake ukiishia kuwa vinyago vya watalii. Ndiyo maana tunaona mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993 hapo Gede, ulikuwa na akili: wakulima hufuga viwavi, na mabuu yao hununuliwa na kupelekwa ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Mimea wanayoila viwavi hao asili yake ni msituni, basi mkulima ana sababu yake mwenyewe ya kuutaka msitu usimame. Fedha ya mgeni inayoishia kwa mwongozaji na kwa mama muuza mahamri kijijini hufanya kazi hiyo hiyo.

Kurudi mashariki, ng'ambo ya barabara kuu, yapo magofu ya Gede, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Humo mna msikiti mkuu, misikiti mingine midogo, jumba la mtawala, na kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399 Miladia. Vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba ulipimwa na urefu wa boriti, na boriti ilitoka mikokoni. Kufikia karne ya 17 mji ulikuwa umehamwa. Sababu zitajwazo ni nyingi, zikiwamo vita. Mojawapo ni kushuka kwa maji ya ardhini, kwani kipo kisima kilichoonekana kuwa kilichimbwa upya kwenda chini zaidi. Mbele ya kisima hicho watoto waliokauka makoo kwa mchanga wa mrihi huelewa bila kuelezwa.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi wa njia za vijijini, kati ya minazi na miembe, hadi hori la Mida. Hakuna mto umwagao maji humo. Hulishwa na bahari inayojaa na kupwa, na chemchemi za chini ya ardhi. Baiskeli huachwa penye daraja la mbao lililopita juu ya mikoko, na fedha ya kiingilio husaidia karo za wanafunzi wa sekondari kutoka vijiji vinavyozunguka msitu na hori. Mpango huo ulianzishwa mwaka 2001 na shirika la A Rocha Kenya.

Saa ya kufika huamuliwa na bahari, hivyo ni vyema kumuuliza mvuvi kabla ya kupanga siku. Maji yakipwa, ndege hutapakaa topeni mbali na macho. Yanapoanza kujaa, husogezwa karibu na daraja. Miongoni mwao yumo mmoja mweupe kwa mweusi, mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambaye huzaliana katika mashimo ya mchanga kwenye fukwe za Uarabuni na pembezoni mwa Ghuba, kisha huja kwetu msimu wa kuzaa ukiisha. Kufikia Aprili wengi wao huwa wamekwisha kuondoka.