Jina la mama liwe kwenye karatasi ya kiwanja

Kule Kenya Serikali iliunga mkono kampuni ya KMRC mwaka 2018. Inakopesha mabanki na vyama vya akiba kwa riba nafuu, nao wanamkopesha raia anunue nyumba.

Hapa Runingu, mama muuza mihogo hana karatasi ya mshahara ya kuonyesha benki. Nyumba yake inatoka katika likirimba: mwezi huu matofali, zamu ijayo mabati. Lakini kama karatasi ina jina la bwana tu, siku akifariki ndugu zake wanaweza kusema mama hana kitu.

Tangu sheria ya 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali. Karatasi ya muuzaji peke yake haitoshi. Sertifika ya kuandikisha kiwanja ndiyo inayokulinda. Na tangu Kanuni ya Familia irekebishwe mwaka 2016, mke hahitaji tena ruhusa ya mume ili kutia sahihi.

Basi kabla ya kulipa, waulize majirani mipaka, mwite chefu, andikeni mapatano mbele ya mashahidi. Majina yawe mawili: la baba na la mama.