Kilwa inauzwa Maryland na Stockholm

Februari 2018 kampuni ya Firaxis ya Maryland, Marekani, ilitoa Rise and Fall, nyongeza ya gemu yake maarufu ya Civilization VI. Humo Kilwa Kisiwani imo katika orodha ya maajabu ya dunia. Mchezaji anayetaka kuijenga lazima awe na kipande tambarare kilichopakana na bahari, na akiimaliza hapewi jeshi. Anapewa wajumbe watatu wa kupeleka kwenye madola madogo ya miji, na urafiki wake na madola hayo unaanza kumlipa. Aliyebuni kanuni hiyo aliijua kazi yake. Kilwa ilitajirika kwa kukaa katikati ya watu waliohitajiana, dhahabu ya Sofala ikipita mikononi mwake kuelekea Arabuni na Bara Hindi, na historia hiyo ndefu imeingizwa katika kanuni moja inayochezeka. Miaka 5 kabla yake, Paradox ya Stockholm ilikuwa imetoa Europa Universalis IV, ambamo mtu anaishika Kilwa kuanzia mwaka 1444 na kujaribu kuiepusha na Wareno, ambao katika historia ya kweli waliiteka mwaka 1505.

Hakuna aliyeibiwa. Jengo la karne ya 14 halina hakimiliki, na Kilwa haiwezi kumpelekea mtu ankara kwa kutajwa. Lakini biashara ya gemu duniani inazidi dola bilioni 180 kwa mwaka, na malighafi yake kubwa ni visa, mahali na kanuni. Pwani ya Lindi, iliko Kilwa, inavyo vyote. Ina Husuni Kubwa na bwawa lake la pembe nane. Ina Songo Mnara. Inao mlima wa Tendaguru, ambako kati ya 1909 na 1913 wapagazi walibeba mifupa ya dinosaria hadi bandari ya Lindi, na dinosaria mmoja leo amesimama Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Inayo Nandete, vilikoanzia vita vya Maji Maji. Kinachokosekana ni watu waliofundishwa kuyageuza hayo kuwa bidhaa.

Tazama kazi yenyewe ilivyo, kwa mfano wa bao la kete. Mashimo 32, kete 64, kila mchezaji akianza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi; kwanza namu, awamu ya kuingiza kete za mkononi, kisha mtaji, awamu ya kusambaza zilizo ubaoni. Mwanafunzi atakayelitia bao kwenye simu atakutana mapema na tatizo gumu la kompyuta: hatua moja inaweza kuzunguka, kete zikiokotwa na kusambazwa tena na tena kabla ya kulala. Watafiti wa Maastricht, Uholanzi, walionesha kwamba ipo mikao ambayo mzunguko huo hauishi kabisa. Programu isiyoweza kuutambua mzunguko wa namna hiyo itaganda mkononi mwa mteja. Halafu kuna kuifundisha kompyuta kucheza: itazame mbele hatua ngapi, ithamini vipi nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji, ikiwa imejaa kete, iache njia zipi bila kuzichunguza ili simu ya bei nafuu isichemke. Hayo ni masomo ya algoriti na akili unde, na yanahitaji hisabati ya kweli.

Akishayatatua yote hayo, bado hana gemu. Kijana asiyewahi kukaa ubaoni ataelewaje maana ya nyumba? Kete zisambae kwa kasi gani ili jicho lizifuate? Kompyuta icheze vibaya kiasi gani siku ya kwanza ili mgeni asikate tamaa, na ikaze lini? Maswali haya hayajibiwi kwa milinganyo. Yanajibiwa kwa kukaa na wachezaji, kuwatazama wanapokwama, kubadili, na kuwatazama tena. Huo ndio ubunifu wa gemu, na ni taaluma yenye mbinu zake: kujaribu kanuni kwenye karatasi kabla ya kuandika msimbo, kupanga ugumu, kugawa zawadi na hasara. Inauma kidogo kwamba hata utafiti mkubwa juu ya mabingwa wa bao wa Zanzibar ni tasnifu ya Alex de Voogt, iliyotetewa Leiden mwaka 1995.

Vyuo vya nje vilishagundua kwamba taaluma hizi mbili zikitenganishwa zote hudhoofika. Abertay ya Dundee, Uskochi, ilianza shahada ya gemu za kompyuta mwaka 1997. Karibu nasi zaidi, Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Johannesburg kinawaweka wanafunzi wa sanaa na wa uhandisi pamoja katika sanaa za kidijitali, na Nairobi taasisi ya ADMI inafundisha utengenezaji wa gemu kwa ngazi ya diploma. Hapa nchini mwanafunzi analazimika kuchagua upande. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sayansi ya kompyuta katika ndaki yake ya TEHAMA, Kijitonyama, na sanaa za ubunifu ziko Mlimani. Chuo Kikuu cha Dodoma ndicho kilichosogea karibu zaidi, kwa shahada ya teknolojia ya multimedia na animesheni. Kampasi mpya ya UDSM mkoani Lindi, inayotokana na mradi wa elimu ya juu wa HEET, imeelekezwa kwenye kilimo, jambo linaloeleweka katika mkoa wa korosho na ufuta.

Kwa hiyo kijana wa Kilwa Masoko anayemaliza kidato cha sita akiniuliza asome nini, jibu langu halina kigugumizi: shahada iwe ya sayansi ya kompyuta, na ubunifu wa gemu ausomee ndani yake, kwa miradi, tangu mwaka wa kwanza. Shahada ya gemu peke yake, katika nchi yenye studio za kuhesabika, ni mkopo wa HESLB usio na mwajiri wa kuulipa. Sayansi ya kompyuta ina benki, ina kampuni za simu, ina serikali. Lakini asisubiri kazi ya benki ndipo aanze gemu. Injini ya Godot haina ada wala mrabaha, na Blender ya kuchorea maumbo ni ya bure. Atafute mchoraji na mwandishi wa hadithi mapema, kwa sababu gemu nyingi za wanafunzi hufa kwa kukosa mtu wa pili, hata pale ambapo msimbo ni mzuri.

Fedha itatoka wapi? Afrika Mashariki ina mifano ya kutosha. Wesley Kirinya wa Kenya na Eyram Tawia wa Ghana walianzisha kampuni ya gemu ya Leti Arts mwaka 2009. Gemu ya Nairobi X ya Andrew Kaggia ilitoka 2015. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Kola Studios ya Kampala, waliochukua matatu, mchezo wa karata ambao Waganda tayari walikuwa wanaucheza, wakautia kwenye simu. Hawakuhitaji kumfundisha mteja kitu kipya. Bao lina nafasi hiyo hiyo.

Mauzo ya moja kwa moja kwa mchezaji, hata hivyo, ndiyo njia ngumu kuliko zote. Google huchukua asilimia 15 ya dola milioni 1 ya kwanza kwa mwaka, na kwa wateja wetu wengi kila megabaiti inakatwa kwenye bando. Mei 2024 Kimbunga Hidaya na mafuriko vilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi, na mwezi huohuo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikazorota nchi nzima. Gemu itakayoishi pwani hii ni ndogo, inafanya kazi bila mtandao, na haimtegemei mchezaji alipe kila siku. Kampuni za kubashiri nazo zina fedha na zinahitaji waandishi wa programu, lakini sioni fahari yoyote kusomesha kijana miaka yote hiyo ili akachomoe vijisenti vya wenzake.

Mteja mkubwa ni taasisi, na ushahidi uko Tanga. Shindano la Global Learning XPRIZE lilijaribu programu za Kiswahili za kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu katika vijiji 170, kwa watoto karibu 2,700, nyingi zikiwa na sura ya gemu. Timu 5 za fainali zilipewa dola milioni 1 kila moja, na Mei 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni 10. Dola milioni 15 kwa programu za lugha yetu, kwa watoto wetu, na hakuna timu ya Tanzania iliyofika fainali. Hatukuwa na uhaba wa Kiswahili, wala wa walimu wanaowajua watoto hao.

Mnunuzi wa aina hiyo yupo Kilwa leo. TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, ndiyo inayosimamia magofu ya Kisiwani na Songo Mnara, na watafiti wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town walishayapima kwa leza, kwa hiyo vipimo vya kujengea kumbi na misikiti ya kidijitali vipo. Mradi wa mwaka wa mwisho wa wanafunzi wawili, mmoja wa Kijitonyama na mmoja wa Mlimani, unatosha kwa kuanzia: Songo Mnara ya karne ya 15 ndani ya simu, majaribio yakifanyika na wanafunzi wa kidato cha pili Kilwa Masoko, na TAWA ikilipa gharama za kutengeneza na kuonesha. Mkataba utaje wazi kwamba TAWA inanunua matumizi, na kwamba msimbo na michoro vinabaki mali ya watengenezaji, vikiwa vimesajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya mgeni wa kwanza kulipa kiingilio.