Ndugu wa Aliyepotea na Ushahidi wa Damu

Jalada la mtu aliyepotea likikaa miaka mingi bila jibu, ndugu zake huhesabiwa kuwa mashahidi tu wa siku alipoonekana mara ya mwisho. Sayansi ya vinasaba imewapa nafasi nyingine: miili yao yenyewe hubeba ushahidi.

Hayo yalidhihirika nchini Argentina, ambako maelfu ya watu walitekwa na kupotezwa chini ya utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983. Mwaka 1984 mtaalamu wa mifupa kutoka Marekani, Clyde Snow, aliwafundisha vijana wa huko kufukua makaburi yasiyo na majina kwa utaratibu wa kisayansi. Mwanzoni walitegemea umri, kimo, meno na mivunjiko ya zamani. Baadaye damu ya jamaa ilifungua majalada yaliyoishinda mifupa.

DNA ya mitokondria hurithiwa kwa mama, hivyo watoto wa mama mmoja kwa kawaida huwa na DNA hiyo inayofanana. Kwa kuwa kila seli ina nakala zake mamia au maelfu, huweza kupatikana katika mfupa wa miongo mingi, hata pale DNA ya kiini cha seli ilipoharibika. Lakini jamaa wote wa upande wa mama huishiriki. Haitoshi peke yake kumtambua mtu. Ni lazima ipimwe pamoja na DNA ya kiini, meno na historia ya maradhi.

Jibu hilo lina thamani ya kitabibu pia. Tangu miaka ya 1970 mtaalamu wa familia Pauline Boss ameeleza msiba usio na hakika: aliyepotea hayupo, wala hajafa. Hakuna kaburi wala matanga, na huzuni haipati pa kutua.

Mzigo huo humwelemea zaidi mpelelezi ambaye nduguye mwenyewe amepotea. Uchungu humpa subira mbele ya majalada yaliyosahauliwa, lakini waweza kumwonyesha sura ya nduguye katika kila fuvu. Jalada la nduguye lapaswa kushikwa na mwingine. Yeye atoe damu kama jamaa yeyote, naye apate ushauri nasaha.

Familia nazo zihifadhi picha za eksirei na kumbukumbu za meno za aliyepotea. Ndugu akiombwa sampuli, hata baada ya miaka thelathini, asidhani amechelewa.